Kifua kikuu cha ng'ombe kwa binadamu: ni nadra, au hakitafutwi?

Kuhusu kifua kikuu kinachotoka kwa ng'ombe, watu wamegawanyika. Wapo wanaodhani TB nyingi inatokana na mifugo. Wapo pia wanaoamini ugonjwa huo ulishakwisha, ukabaki kuwa kazi ya madaktari wa mifugo. Wote wanakosea, ila hao wa pili ndio wanaonipa wasiwasi zaidi.

"TB yenyewe ilitoka kwa ng'ombe."

Hata wanasayansi waliwahi kuamini hivyo: binadamu alianza kufuga, akaambukizwa. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba Mycobacterium bovis, bakteria wa ng'ombe, amepoteza vipande vya vinasaba ambavyo Mycobacterium tuberculosis, bakteria wa binadamu, bado anavyo. Kwa hiyo wa ng'ombe hawezi kuwa babu wa huyu wetu. Na hadi leo wagonjwa walio wengi huambukizwa na binadamu mwenzao, kwa njia ya hewa.

"Basi ya ng'ombe haitudhuru."

Dhana hii ilipata mtetezi mkubwa. Robert Koch, yuleyule aliyemgundua bakteria wa TB mwaka 1882, alisimama London mwaka 1901 akasema hatari ya kuambukizwa kutoka kwa ng'ombe ni ndogo kiasi kwamba hakuna haja ya kuchukua hatua. Uingereza ikaunda tume, na ripoti yake ya mwisho ya mwaka 1911 ikampinga: maziwa yalikuwa yakiwaambukiza watu, hasa watoto.

"Wagonjwa wake ni wachache mno."

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu 147,000 waliugua TB iliyotoka kwa wanyama, na 12,500 wakafa. Wagonjwa wapya wa TB kwa jumla mwaka huo walikuwa takriban milioni 10.4, kwa hiyo hao ni kama asilimia 1.4. Sehemu ndogo, kweli.

Lakini hayo ni makadirio, na yamejengwa juu ya takwimu haba. Mgonjwa akitoa makohozi, darubini huonyesha vijiti vyekundu tu. Bakteria hao wawili hawatofautiani kwa macho. GeneXpert, mashine inayopima TB kwa vinasaba, nayo hutambua kundi zima la bakteria wa TB na usugu wa rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, haisemi ni yupi kati yao. Kumjua kwa uhakika kunataka kuotesha vimelea maabara, kisha kupima vinasaba vyao, na maabara za namna hiyo ziko zaidi katika nchi ambazo zimekwisha kudhibiti ugonjwa kwenye mifugo. Kule ambako ng'ombe wengi wameambukizwa na maziwa hunywewa mabichi, mara nyingi hakuna anayepima. Tunahesabu vizuri mahali ambapo ugonjwa ni haba.

Wastani wa dunia pia unaficha mengi. Huko San Diego, Marekani, kati ya mwaka 1994 na 2005, miongoni mwa watoto ambao TB yao ilithibitishwa kwa kuotesha vimelea, asilimia 45 walikuwa na bakteria wa ng'ombe. Kwa watu wazima ilikuwa asilimia 6. Kilichoshukiwa zaidi ni jibini la maziwa mabichi kutoka Mexico. Bila kipimo hicho, watoto hao wangeandikwa TB basi.

"Hakohoi, kwa hiyo si TB."

Bakteria akiingia kwa maziwa, mara nyingi hushambulia tezi za shingo, tumbo au mifupa. Makohozi yanaweza kuwa safi kabisa. Anayemvuta kwa hewa, kama mfanyakazi wa zizini au machinjioni, hupata ugonjwa wa mapafu usiotofautika na ule wa kawaida.

"Ng'ombe wangu ni mzima, na maziwa nayagandisha."

Ng'ombe aliyeambukizwa anaweza kukaa muda mrefu bila dalili yoyote. Uchachu wa mtindi si kinga ya kutegemea. Chemsha kwanza, gandisha baadaye. Viwandani nyuzijoto 72 za Selsiasi kwa sekunde 15 zinatosha.

"Dawa ni zilezile, kuna faida gani kumjua bakteria?"

Ipo. TB ya kawaida huanza kutibiwa kwa dawa nne, na mojawapo ni pirazinamidi. Bakteria wa ng'ombe ni sugu kwa dawa hiyo kwa asili yake, hata kama mgonjwa hajawahi kuimeza. Ugonjwa unatibika, ila madaktari wakijua wanachopambana nacho kwa kawaida hurefusha tiba kutoka miezi sita hadi tisa. Asiyetambuliwa humeza zote nne, huku moja ikiwa haimsaidii.