Dirisha la kupokea: ahadi ambayo kompyuta huitoa kwa uangalifu

Mama anayeuza omena soko la Kibuye, hapa Kisumu, haagizi mzigo kabla ya kutazama banda lake. Humpigia simu mletaji wa Mbita: "Leo nina nafasi ya magunia sita." Mletaji hapakii la saba mpaka apigiwe tena. Kompyuta zinazotumia itifaki ya TCP, yaani kanuni za kutumiana data mtandaoni, huelewana vivyo hivyo. Mpokeaji anapothibitisha data iliyomfikia, hutaja pia ni baiti ngapi zaidi anazoweza kupokea. Hesabu hiyo ndiyo dirisha la kupokea.

Hapo mwanzo dirisha lilipewa biti 16 tu, kwa hiyo upeo wake ni baiti 65,535. Tuseme seva iko ng'ambo, na safari ya kwenda na kurudi ni sekunde 0.2. Kwa dirisha hilo hutapata zaidi ya megabiti 2.6 kwa sekunde, hata kama faiba uliyolipia ni ya megabiti 100. Mwaka 1992 ikatolewa kanuni ya kulizidisha, hadi karibu gigabaiti 1.

Basi si lifunguliwe lote mara moja? Hapana, kwa sababu linalotangazwa ni deni. Mzigo ulioahidiwa nafasi ukifika, banda linatakiwa liwe nayo, na kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu yake kuu inayogawa kumbukumbu ya kompyuta, kina maelfu ya wateja wanaogombea kumbukumbu ileile. Mfumo endeshi wa Linux, kwa kawaida, huanza na bafa (banda la kumbukumbu ambamo data husubiri kuchotwa na programu) ya baiti 131,072 na kutangaza takriban nusu yake. Kisha hupima: katika kila safari ya kwenda na kurudi, programu imechota baiti ngapi? Ikichota nyingi kuliko awali, bafa hukuzwa ili itangulie mbele ya mahitaji. Programu ikizembea, haikuzwi. Omena isiyouzika haijengewi banda la pili.

Kuna hila moja ambayo wengi huisahau. Gunia lililojaa nusu hukalia karibu nafasi ileile ya gunia lililojaa. Pakiti, yaani vifurushi ambamo data husafirishwa, nazo ziko hivyo: yenye baiti 100 huweza kushika kumbukumbu mara kadhaa ya hizo. Kwa hiyo kiini huhesabu nafasi inayokaliwa, si data peke yake, na pakiti zikija zikiwa ndogondogo hulipanua dirisha kwa ubahili. Kumbukumbu ya TCP ya mashine nzima ikibana, ukuaji husitishwa.

Kosa ninaloliona mara nyingi, na linaniudhi, ni la mwandishi wa programu anayejiwekea mwenyewe ukubwa wa bafa akidhani anaongeza kasi. Linux ikiona hivyo huacha kuikuza bafa ya muunganisho huo, na namba iliyofaa seva ya jirani inakuwa kitanzi kwa seva ya mbali.

Banda likijaa kabisa, dirisha linalotangazwa ni sifuri. Mtumaji husimama, lakini hakati simu, kila baada ya muda hupiga kuuliza, "Mama, bado?"