Ngome iliyogeuzwa bustani ni ipi hasa?

Ngome iliyogeuzwa bustani ni ile iliyomaliza kazi ya jeshi, kisha mwili wake, yaani kuta, tuta na handaki, ukawa bustani ya watu wote. Kinachosahaulika kila mara ni huo mwili. Siku hizi kila penye ukuta wa kale na majani mabichi hupewa jina hili.

Inayotajwa kwanza ni Parc de la Ciutadella (yaani Bustani ya Ngome) ya Barcelona, Hispania, nayo haistahili. Ngome ile ilijengwa na Mfalme Felipe V baada ya kuuteka mji mwaka 1714, na wenyeji waliichukia mno. Jiji lilipokabidhiwa eneo mwaka 1869, karibu yote ilibomolewa. Yalisalia kanisa dogo, nyumba ya gavana na ghala la silaha ambalo leo ni bunge la Katalonia. Bustani ilirithi kiwanja na jina, basi.

Linganisha na Lucca, Italia. Kuta zimesimama palepale, zikiuzunguka mji kwa kilomita 4 na ushei, na watu hutembea juu yake chini ya miti. Siri imo katika ujenzi. Ukuta mrefu wa kwenda juu, mwembamba, wa mawe, ulipasuliwa na mizinga, hivyo wahandisi wakajenga mfupi na mnene, matofali nje na udongo ndani, ili udongo umeze risasi. Udongo huohuo ndio unaolisha miti, na ndio unaoleta shida: matundu ya kutolea maji yakiziba, tuta hulowa na kuwa zito, likayasukuma matofali hadi ukuta ukatuna na kuporomoka. Mizizi nayo hupanua nyufa, kwa hiyo mti mkubwa haufai kupandwa ukingoni.

Bremen, Ujerumani, nayo inastahili, ingawa kwa sehemu. Mwanzoni mwa karne ya 19 tuta lilisawazishwa, lakini handaki likaachwa na maji yake, na hadi leo maji hayo yanapinda kufuata pembe za buruji, yaani sehemu za ngome zilizochomoza nje.

Kastellet, ngome ya Copenhagen, Denmark, inachanganya zaidi, kwa kuwa watu hukimbia mazoezi juu ya tuta zake kila siku. Bado ni mali ya wizara ya ulinzi, na jeshi lingali humo.

Kwa hiyo Kastellet iite ngome iliyo wazi kwa wananchi, na ile ya Barcelona bustani iliyojengwa mahali pa ngome.