Je, wajua kwa nini "Moondance" ilipulizwa kabla ya kuimbwa?

Mwanzoni mwa mwaka 1970, Van Morrison, mtunzi na mwimbaji kutoka Belfast, Ireland ya Kaskazini, alitoa albamu ya nyimbo 10 aliyoiita Moondance. Wimbo wenye jina hilo bado unapigwa na bendi za hotelini mpaka leo, na mpenzi yeyote wa jazi anaweza kukuimbia angalau mstari wake wa kwanza. Lakini wimbo huo ulianza bila neno hata moja. Morrison alishaeleza mwenyewe kwamba melodi ndiyo iliyotangulia: aliipuliza kwenye saksafoni ya soprano, ile ndogo ya sauti ya juu, akajua kwamba hapo tayari ana wimbo, ndipo akaanza kuutafutia maneno.

Watunzi wengi hawafanyi hivyo. Hushika gita au hukaa kwenye piano, kwa sababu vyombo hivyo vinauacha mdomo huru: unapiga huku unaimba, unajaribu neno, unalitupa, unaleta jingine. Saksafoni ikiwa mdomoni huimbi wala husemi. Sasa kwa nini mtu mwenye sauti kama ile, tena aliyeshika gita tangu utotoni, akautafute wimbo wake kwenye chombo kinachomziba mdomo?

Nina miaka 11 tangu nianze kupuliza alto, saksafoni ya sauti ya kati, na albamu hii nimeishi nayo muda huohuo. Jibu nililipata mdomoni kabla sijalisoma popote, kwa hiyo nitaanzia huko.

Ukifungua sanduku la saksafoni, kitu cha kwanza unachokishika si shaba. Ni ridi, kijipande cha tete kilichochongwa upande mmoja hadi ncha yake inapitisha mwanga. Unakiweka ulimini kilowe. Mwanzoni ni kikavu kama ukuni, kina ladha ya nyasi za kiangazi. Baada ya dakika moja kinalainika, na hapo ndipo unakibana chini ya kipulizio. Kwa sababu ya kijipande hicho, saksafoni, pamoja na mwili wake wote wa shaba, huhesabiwa katika ukoo wa filimbi na klarineti, si wa tarumbeta. Kwenye tarumbeta kinachotetemeka ni midomo ya mpulizaji. Kwenye saksafoni ni tete.

Hebu weka vidole viwili kooni useme "aaa". Mtetemo unaousikia unatokana na nyuzi za sauti zinazofunguka na kujifunga, zikiukata upepo wa mapafu vipande vipande, mara mia na zaidi kwa sekunde. Ridi hufanya kazi hiyohiyo: inafunguka, inajifunga, inafunguka. Vipande vya upepo vinavyotoka kooni hupita kinywani na kupata umbo la "a" au "u". Vinavyotoka kwenye ridi huingia kwenye bomba.

Na bomba lenyewe lina yake. Adolphe Sax, fundi Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka 1814 na kupata hataza ya chombo hiki jijini Paris mwaka 1846, alilitengeneza kwa umbo la kile kikaratasi cha karanga kilichosokotwa: jembamba mwanzoni, likipanuka taratibu hadi kwenye domo lake. (Wapenzi wa muziki wa dansi kwetu huita chombo hiki "mdomo wa bata", na ukikitazama kwa ubavu utakubali.) Klarineti nayo ina ridi ya tete, ila bomba lake lina upana mmoja karibu lote. Tofauti hiyo ndogo inabadilisha kila kitu. Noti tunayoisikia kama moja kwa kweli ni rundo: kuna ya msingi, na juu yake kuna nyingine hafifu zenye kasi mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Klarineti, kwenye noti zake za chini, huzififisha zile za mara mbili na mara nne, na ndiyo maana sauti yake ina uwazi fulani kama wa mtungi mtupu. Bomba linalopanuka huzitoa zote. Koo la binadamu nalo huzitoa zote. Sikio likipata rundo kamili namna hiyo, likisukumwa na pumzi, likipanda na kushuka kama mtu anayezungumza, huanza kusubiri maneno.

Hata vimo vya sauti vinakaribiana. Noti ya chini kabisa ya saksafoni ya tena (tenor), iliyo kubwa kuliko alto, ina mitetemo kama 104 kwa sekunde, mlemle inamopita sauti ya mwanamume akizungumza. Soprano, aliyoishika Morrison, inaanzia kwenye 208 hivi, karibu na sauti ya kawaida ya mwanamke.

Halafu kuna koo la mpulizaji mwenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa University of New South Wales, Australia, walichapisha vipimo walivyovichukua ndani ya vinywa vya wapulizaji wakiwa kazini. Wazoefu, bila kuonekana kwa nje, walikuwa wakipanga ulimi na koo hadi njia yao ya sauti iitikie noti za juu kabisa za chombo. Wasio na uzoefu hawakuweza kufanya hivyo, na noti hizo hawakuzifikia. Mzee aliyenifundisha alikuwa amepuliza miaka mingi kwenye bendi za dansi Dar es Salaam, na habari za vipimo hakuwahi kuzisikia. Nilipokuwa nakwama juu, nikibana midomo mpaka inauma, alikuwa akiniambia, "Mwanangu, iimbe kwanza kichwani. Koo litajipanga lenyewe." Niliposoma habari za utafiti ule nilimpigia simu kumsomea. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama siku hizi nakumbuka kuimba.

Aliyekulia kwenye rumba hana haja ya kushawishiwa sana hapa. Verckys Kiamuangana alipojiunga na OK Jazz ya Franco mwaka 1963, bendi ile ilikuwa ya magita na sauti. Saksafoni yake ikawa kama mwimbaji mwingine aliyesimama mstari wa mbele, anayejibu, anayebembeleza, anayepaza pale wenzake wanaposhusha.

Lakini kufanana kwa sauti ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni pumzi, na kwangu ndiyo kubwa.

Watu wa Pwani wanaijua zumari. Nayo ni bomba linalopanuka, nayo ina ulimi wa kutetemeka. Mpiga zumari hodari hujaza mashavu, akavuta hewa puani huku akiisukuma ile ya mashavuni, na sauti ikaendelea bila kukatika wakati wachezaji wanazunguka. Ni ufundi wa miaka. Mpuliza saksafoni anayetafuta wimbo hufanya kinyume chake: anakubali kuishiwa. Melodi yake haiwezi kuwa ndefu kuliko mapafu yake. Vidole vya mpiga gita havihemi; anaweza kutunga mstari mrefu kama barabara ya Dodoma na asigundue mpaka siku anayompa mwimbaji. Anayetunga kwa kupuliza hugundua palepale.

Hilo nililisikia mwilini siku nilipoanza kujifunza Moondance. Wimbo uko kwenye ufunguo wa A maina. Alto ni chombo cha E-flati, maana yake nikipuliza ninachokiita C, piano inasikia E-flati. Kwa hiyo mimi lazima nipige kwenye F-shapu maina, yenye shapu tatu, yaani alama tatu za kupandisha noti. Wiki nzima nilihesabu shapu. Vidole vilikuwa sahihi na wimbo haukuwepo. Jioni moja nilifungua kabati, nikasimama nimeelekea kwenye nguo zilizotundikwa kwa sababu nguo humeza sauti, nikaacha kuhesabu, nikapuliza nikivuta hewa kila mahali ninapomsikia Morrison akivuta. Kila sentensi iliingia kwenye pumzi moja na ikabaki akiba. Haikunikaba popote. Kuna nyimbo nzuri tu, zilizotungwa kwenye piano, ambazo humlazimu mpulizaji kuiba hewa katikati ya wazo; hapa hakuna cha kuiba. Melodi inatembea kwa jirani, noti baada ya noti, hairuki mbali, na inatua palepale mapafu yanapoomba. Ndipo nilipoelewa kwamba maneno yalipokuja baadaye yalikuta nyumba imeshajengwa kwa kipimo cha mwanadamu.

Morrison hakuokota chombo hicho barabarani. Alizaliwa Belfast mwaka 1945. Baba yake, fundi umeme kwenye karakana za meli za Harland and Wolff, alikuwa amefanya kazi kwa muda Detroit, Marekani, na alikuwa na mkusanyiko mkubwa wa santuri za bluzi, jazi na injili. Mama yake alikuwa mwimbaji. Akiwa na miaka 14 hivi kijana alimsikia mwanajazi Mmarekani Jimmy Giuffre akipuliza "The Train and the River", akambembeleza baba yake amnunulie saksafoni, akaenda kujifunza kupuliza na kusoma noti kwa George Cassidy, mwanajazi wa palepale Belfast. Alipoanza kuzunguka na bendi iitwayo The Monarchs hadi Ujerumani mwaka 1963, alikuwa akipuliza. Kwa hiyo dunia ilipokuja kumjua kama mwimbaji wa "Gloria", na kisha "Brown Eyed Girl" mwaka 1967, tayari alikuwa na koo mbili.

Albamu yenyewe ilirekodiwa New York katika nusu ya pili ya mwaka 1969, yeye mwenyewe akiwa mtayarishaji. Kwenye wimbo wenye jina la albamu, filimbi ya Collin Tilton inamzunguka mwimbaji kama nzi wa usiku kwenye taa, piano ya Jeff Labes inapewa nafasi ya kwanza kuzungumza, kisha alto ya Jack Schroer. Nimempigia saluti Schroer mara nyingi nikiwa peke yangu chumbani. Nafasi aliyopewa ni fupi, naye hakuitumia kuonyesha kasi. Anaingia kama mtu anayeendeleza maneno ya mwenzake aliyemeza mate, anaacha mapengo, na katika mapengo hayo unasikia dramu ikitembea. Wapulizaji wengi wanaoupiga wimbo huu leo huyajaza mapengo hayo. Naona ni kosa. Ukiyajaza, umeurudisha wimbo kwenye gita.

"Crazy Love" haina saksafoni kabisa, lakini mimi huisikia. Morrison anaimba kwa upole mno, karibu na maikrofoni, sauti ikiwa nusu hewa. Wapulizaji tuna kitu kama hicho: unalegeza mdomo wa chini, unapuliza kidogo, noti ya chini inatoka imefunikwa na pumzi kama mvuke. Inachukua miaka kuituliza. Sina hakika kama mtu ambaye hajawahi kupuliza angefikiria kuimba hivyo mstari baada ya mstari bila kuongeza nguvu hata kidogo.

Kisha unafika wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza, "Into the Mystic", na hapa ndipo ninapowaomba marafiki zangu wanyamaze. Ni wimbo wa baharia anayerudi nyumbani. Unaanza na gita na besi, mambo machache, maji yametulia. Katikati mwimbaji anaitaja honi ya ukungu, ile inayolia bandarini wakati meli hazionani. Anapoitaja tu, saksafoni zinaitikia kwa noti nzito ya chini, zinaishikilia. Ni honi yenyewe.

Noti za chini kwenye saksafoni ni kazi. Lazima vidole vyote vifunike, bomba zima liwe limefungwa toka juu mpaka chini, na upepo usafiri urefu wote wa shaba kabla haujatoka. Ukiwa na wasiwasi kidogo tu, noti inaruka juu na kukuaibisha. Haikubali kubanwa. Unafungua koo kama unayepiga miayo, unashusha mabega, unaacha hewa iende.

Mtoto wa mfanyakazi wa karakana za meli aliijua sauti hiyo kabla hajajua noti. Mimi nilikulia Kurasini, karibu na bandari ya Dar es Salaam, na usiku meli zilipopiga honi vioo vya dirisha letu vilikuwa vinatetemeka kidogo kwenye fremu. Mara ya kwanza nilipoushikilia mlio huo kwenye alto yangu mpaka pumzi ikaisha, kioo cha kabati kilitetemeka.