Je, wajua kwa nini picha ya MRI peke yake haikupatii malipo ya ulemavu Marekani?

Mtu kafanya kazi ya kubeba maboksi ghalani kwa miaka. Diski za kiunoni zimetoka mahali pake, MRI inaonyesha mshipa wa fahamu umebanwa, usiku halali kwa maumivu. Anaomba malipo ya ulemavu, na baada ya miezi kadhaa inaletwa barua: ombi limekataliwa. Sisi tunaoishi Marekani tumewasomea barua hizo ndugu na majirani, na swali lao huwa moja: wanataka ushahidi gani tena?

Idara ya Hifadhi ya Jamii, SSA, hailipi kwa sababu ya jina la ugonjwa. Inataka kujua mwili wako bado unaweza kufanya nini, kwa saa ngapi, siku hadi siku. Hakuna malipo ya nusu ulemavu. Ni lazima maradhi yakuzuie kufanya kazi ya kipato cha kutosha (mwaka 2025 kiwango kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa asiye kipofu), tena yawe yamedumu au yatarajiwe kudumu angalau miezi 12, au kuleta kifo.

SSA ina orodha ya maradhi, na sehemu ya mifupa, viungo na misuli ilibadilishwa Aprili 2021. Humo utakuta mishipa ya fahamu iliyobanwa mgongoni, viungo vikubwa vilivyoharibika, kukatwa mguu au mkono, na mifupa iliyovunjika ikakataa kuunga. Ugumu uko kwenye masharti yanayofuata. Kwa mengi ya maradhi hayo, daktari athibitishe kwamba unahitaji kifaa kinachoshika mikono yote miwili: fremu ya kutembelea, magongo mawili, mikongojo miwili. Mkongojo mmoja huweza kukubaliwa pale ambapo mkono wa pili haufanyi kazi. Na kanuni inasema wazi kwamba picha haichukui nafasi ya uchunguzi wa mwili. Daktari aandike alichokiona kwa macho na mikono yake: nguvu za misuli, ganzi, mwendo, mguu unavyouma ukiinuliwa.

Ukikosa sifa za orodha, bado hujashindwa. Hapo wanapima uwezo wako uliobaki. Kwa mfano, kazi ya kukaa maana yake ni kukaa kama saa 6 kwa siku na kuinua paundi 10 tu, yaani kilo 4 na nusu. Kisha wanaangalia kazi ulizofanya miaka 5 iliyopita (kabla ya Juni 2024 ilikuwa miaka 15), umri na elimu. Aliyetimiza miaka 50, na hasa aliyefika 55, anafikiriwa kwa wepesi kuliko kijana. Zamani kutojua Kiingereza kulisaidia ombi. Tangu Aprili 2020 hakuhesabiwi tena, ingawa kutojua kusoma na kuandika bado kunahesabiwa.

Jambo linalowaangusha watu wetu, kwa maoni yangu, ni adabu. Daktari akiuliza hali, mama wa miaka 56 anajibu "nzuri, namshukuru Mungu", kama alivyolelewa. Inaandikwa kwenye faili kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, na mkaguzi atalisoma faili hilo bila kumwona mama mwenyewe. Mwambie daktari: nasimama dakika kadhaa, mguu unakufa ganzi, namshika mtu nikipanda ngazi. Vivyo hivyo kwenye fomu ya shughuli za kila siku. Ukiandika "napika" tu, watasoma kwamba unaweza kusimama jikoni. Andika ukweli wote: nakata mboga nimekaa, ugali anasonga binti yangu, sufuria ya maji siwezi kuinua.

Malipo yenyewe ni ya aina mbili. SSDI ni ya aliyekatwa kodi kazini muda wa kutosha. SSI ni ya mwenye kipato kidogo na mali isiyozidi dola 2,000, au 3,000 kwa mume na mke. Mkimbizi asiye raia kwa kawaida hupata SSI kwa miaka 7 tu, kwa hiyo ombi la uraia lisicheleweshwe.

Barua ya kukataliwa ikifika, usianze ombi jipya. Una siku 60 za kukata rufaa, na ukikataliwa mara ya pili unaweza kufika mbele ya jaji, akakusikia kwa kinywa chako. Mwanasheria kwa kawaida hulipwa ukishinda tu, robo ya malimbikizo ya malipo yako, kwa kiwango cha juu kilichowekwa (mwaka 2025 kilikuwa dola 9,200). Mkalimani ni bure na SSA ndio wanaomleta, kwa hiyo usimpe mtoto wa shule kazi hiyo. Kama Kiswahili chako ni cha Kongo, sema mapema, upewe mtu anayekielewa.