Je, wajua kwa nini ni vigumu kumnunia mtu unayemwombea?

Mume na mke wamegombana jioni. Hakuna aliyeomba radhi. Kila mmoja amelala akimpa mwenzake mgongo. Ila wana mazoea ya kusali kabla ya usingizi, na katika sala hiyo kila mmoja humtaja mwenzake kwa jina. Leo jina linakwama kooni. Akilitaja kwa moyo, kinyongo kinalegea. Akitaka kubaki na kinyongo chake, itambidi airuke sala.

Kwa nini iwe hivyo?

Mwenye hasira huwa na kazi moja: kulirudia kosa. Alisema hivi, akanitazama vile, na mwezi uliopita pia. Kila akilirudia linanenepa. Kumwombea mtu kunaikatiza kazi hiyo, maana huwezi kumtakia mkeo nafuu ya mgongo unaomsumbua bila kukumbuka kwanza kwamba mgongo unamuuma, na kwamba ameshinda nao hivyo tangu asubuhi.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2011 watafiti wa saikolojia Bremner, Koole na Bushman walichapisha majaribio ambamo watu waliudhiwa makusudi. Katika jaribio mojawapo, baadhi waliombwa wamwombee aliyewaudhi, wengine wamfikirie tu. Waliomwombea walimfanyia ukali mdogo zaidi baadaye. Wote walikuwa na mtu yuleyule akilini, ila kumfikiria peke yake hakukutosha.

Nisikuze mambo, lakini. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani juu ya wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo. Kuombewa na watu wasiowajua hakukuwapunguzia matatizo ya baada ya upasuaji. Muumini atasema Mungu hapimwi kwa hesabu za hospitali, nami sitabishana naye. Hapa nazungumzia badiliko la yule anayeomba, ambaye kesho asubuhi atakutana na aliyemwombea mlangoni pa bafu. Wala sala isitumike kumfunga mdomo anayepigwa. Huyo anahitaji msaada wa watu, tena upesi.

Maandiko yaliliona jambo hili mapema. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3 aya ya 7, unawataka waume wawape wake zao heshima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe". Yaani anayemdharau mkewe mchana amejiwekea kizuizi cha usiku. Na katika Qurani, sura ya 25 aya ya 74, waja wema wanaomba wapewe wake na watoto wanaoburudisha macho. Jaribu kuomba hivyo kila siku huku ukimtazama mwanao kwa jicho la chuki.

Ipo hata hivyo sala isiyoleta lolote kati ya haya, nayo ni sala ya vijembe. Familia imefumba macho, baba anaomba kwa sauti: "Ee Mungu, mwondolee kijana huyu uvivu, na mama yake umfundishe kutunza pesa." Hapo Mungu amegeuzwa tarishi. Watoto hutambua mara moja. Hufumbua jicho moja kuona mama amepokeaje.

Sala ya kweli huanza na msemaji mwenyewe: "Leo nimemfokea mwanangu bila kosa." Mtoto akiyasikia maneno hayo, anajua kwamba baba yake anajua. Mara nyingi hakuna hotuba inayohitajika baada ya hapo, na sala yenyewe haijafika hata dakika 2.