Zulia "sugu kwa madoa": sugu ni nini hasa?

Wiki iliyopita nimelisikia tena. Niko Kariakoo, nasubiri nikatiwe kipande cha kapeti cha kuzibia kona ya mteja, na pembeni muuzaji anamwambia dada mmoja: "Hili ni sugu, dada, halishiki doa. Mwaga hata mchuzi, pitisha jiki, linarudi jipya." Dada akalipa, akaita bodaboda. Mimi kazi yangu ni kuosha mazulia, na nimeshapiga magoti kwenye sebule nyingi mno kwa sababu ya sentensi hiyo.

Zulia sugu kwa madoa ni lile ambalo kilichomwagika huchelewa kuingia kwenye nyuzi zake, hivyo ukiwahi kukifuta kinatoka. Sabuni iliyo salama kwake ni ile inayotoa uchafu bila kuondoa kile kinachouchelewesha. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Shida iko kwenye neno sugu.

Tumelizoea kama sifa: mhalifu sugu, deni sugu, malaria sugu, na siku hizi hospitalini usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Lakini sugu kwanza ni kitu unachoweza kukigusa. Ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa mshika jembe, kisiginoni kwa anayetembea peku. Neno lenyewe ni ndugu wa kitenzi kusugua, na ukishika mkono wa seremala hutahitaji kamusi ikuthibitishie: mpini umesugua miaka, ngozi imejibu kwa kuwa nene. Ndipo mtu aliyechapwa hadi fimbo hazimwingii akaitwa sugu, kisha ugonjwa usiosikia dawa, kisha doa lisilosikia sabuni. Tazama hapo: tunasema doa sugu, na tunasema zulia sugu. Neno lilelile limepewa adui na mlinzi.

Katika maana zote hizo, sugu haijawahi kuwa kitu kisichopenyeka. Ina unene wake, na ikiisha imeisha. Loweka kisigino kwenye maji ya moto, kisugue kwa jiwe, uone. Sugu inatoka vipande vyeupe kama nta, na chini yake kuna ngozi laini ya waridi ambayo kesho yake itasikia kila changarawe. Mwenye kisigino hajabadilika, ila kilichokuwa kinamlinda kimebaki kwenye beseni.

Zulia la nailoni liko hivyohivyo. Uzi wa nailoni una nafasi ambazo rangi hujishika, na ndizo kiwanda kinazotumia kuutia rangi. Nafasi zinazobaki wazi ndizo juisi nyekundu ya mtoto inazokuja kukalia. Kwa hiyo kiwanda huziba zilizobaki kwa kemikali isiyo na rangi, na mara nyingi hupaka juu yake utando unaofanya maji yasimame matonematone kama kwenye jani la magimbi. Mazulia ya namna hii yalivuma Marekani kuanzia mwaka 1986, DuPont ilipoingiza sokoni Stainmaster. Chama cha wanakemia wa nguo cha huko, AATCC, kina kipimo chake namba 175: zulia linamwagiwa rangi nyekundu ya vyakula, linaachwa saa 24, linasuuzwa, linapewa alama kati ya 1 na 10. Yaani hata waliobuni kipimo walijua kwamba usugu una daraja. Kilichozibwa na kilichopakwa ndiyo sugu ya zulia, na hakuna uzi unaoiotesha upya kama kiganja cha mkulima.

Mengi ya yale ya Uturuki tunayonunua ni hadithi nyingine. Hayo ni polipropilini, plastiki ileile ya kiroba cha mchele. Rangi ilitiwa wakati plastiki ingali ya moto, kabla haijavutwa kuwa uzi, na uzi wenyewe hauna pa kushikia chai wala juisi. Usugu wake ni wa kuzaliwa, husugui ukaumaliza. Ila mafuta huyapenda. Tone la mafuta ya kupikia litakaa hapo likikusanya vumbi, na pasi ikianguka juu yake uzi unayeyuka. Muuzaji anayaita yote mawili sugu, bei tofauti, na mnunuzi anarudi nyumbani hajui ameshika lipi.

Sasa sabuni. Kipimo cha pH kinaanzia 0 hadi 14, katikati ni 7. Chini ya hapo kuna ukali wa ndimu na siki, juu yake ukali wa magadi. Sabuni ya unga ya kufulia mara nyingi inafika 10 au 11, kwa sababu inatengenezwa kwa ajili ya shati la pamba linalosuuzwa mara tatu kwenye ndoo. Nailoni iliyozibwa isivuke 10, kwani ukali wa magadi hulegeza kile kizibo kidogokidogo. Sufu inataka karibu zaidi na 7. Jiki ni magadi na klorini kwa pamoja: kwenye nailoni inakula rangi, kwenye sufu inayeyusha uzi wenyewe. Na kuna kosa la watu wasafi kabisa, kutia kilainishi cha nguo ili zulia linukie. Kilainishi kina chaji chanya na kizibo kina chaji hasi. Vinashikana, na ulinzi wako umekwisha kwa harufu nzuri.

Kinachobaki ni cha kawaida mno hata watu hawakiamini: robo kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na rangi kali, katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Jaribu kwanza kwenye kona iliyo chini ya kochi. Kandamiza kwa kitambaa cheupe cha pamba, usisugue, toka pembeni kuja katikati. Halafu suuza kwa maji matupu, ukandamize tena mpaka povu liishe. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na sabuni iliyobaki inanata na kuvuta vumbi. Mazulia mengi ninayoambiwa yamezeeka yamejaa sabuni tu.

Mwezi wa Ramadhani uliopita alinipigia mama mmoja, mteja wangu wa zamani, sauti imemkauka. Mchuzi wa biriani ulimwagika, akamwaga sabuni ya unga, akachukua brashi. "Mwanangu, doa limegeuka damu." Nikafika, kweli. Palipokuwa na njano pana wekundu wa matofali, upana wa sahani. Manjano, kile kiungo cha mchuzi, ndivyo yalivyo: yakikutana na magadi yanageuka mekundu. Nilimuuliza mara mbili kama ametia jiki, maana siki juu ya jiki hutoa gesi ya klorini, nayo inaumiza mapafu. Akasema hajatia. Nikachanganya siki kidogo na maji, nikadondoshea, na wekundu ukarudi njano mbele ya macho yake. Njano yenyewe ilipungua baada ya sabuni ya vyombo na siku kadhaa za jua la barazani, kwa kuwa rangi ya manjano hufifia juani.

Lakini ile sehemu aliyoipiga brashi haikurudi kama wenzake. Ukiinama unaona nyuzi zimefumuka ncha, na tone la maji linazama hapo hapo wakati hatua moja pembeni linasimama. Sasa hivi kila kinachomwagika pale kinaacha alama. Alinilalamikia kwamba dukani walimdanganya, zulia halikuwa sugu.

Lilikuwa sugu, mama. Ungeukandamiza tu ule mchuzi na kuutia sabuni ya vyombo, mafuta yangetoka na ukabaki na kivuli cha njano cha kuanika. Brashi na sabuni ya unga vilifanya kile jiwe linachofanya kwenye kisigino. Na kwa kijana wa Kariakoo, ambaye naamini hana nia mbaya: mwambie mteja kwamba zulia hili linachelewa kushika doa, na jiki uiache chooni. Naye mteja, badala ya kuuliza "hili linashika doa?", aulize kama usugu wake ni wa uzi au wa kupakwa. Jibu la swali hilo ndilo litakalomwambia aende na sabuni gani nyumbani.