Dhana potofu kuhusu taa za vichochoro vya Lamu

Dhana: Taa ikizidi ukali, mpita njia huzidi usalama.

Ukweli: Taa kali inayokutazama usoni hukutia kiwi. Mboni hubana, na yote yaliyo nyuma ya taa ile hugeuka giza tupu. Tena mtu akitoka uwanja uliomulikwa sana, tuseme Mkunguni mbele ya ngome, akaingia kichochoro cha Mkomani, macho huhitaji muda. Kuzoea giza kikamilifu huchukua kama nusu saa. Hapo ndipo anapotumbukia mtaroni, au kumvaa punda aliyejisimamia zake. Mulika mwizi, ile taa kali ya mlingoti mrefu, ni ya uwanja mpana. Katikati ya nyumba za ghorofa mbili au tatu zilizosongamana, mwanga wake huishia mapaani. Kinachotufaa ni taa ndogo nyingi zilizofunikwa juu, zimwage mwanga chini, na zikaribiane ili pasiwe na mashimo ya giza baina yake.

Dhana: Ardhi ikionekana, yatosha.

Ukweli: Ardhi ni nusu ya kazi. Anayetembea usiku, hasa mwanamke au mtoto anayetoka chuoni (madrasa), anataka kumtambua anayemjia angali mbali. Taa ya utosini huacha macho na mdomo kivulini; uso huonekana kwa mwanga unaotoka ubavuni. Hapa kuta zetu za chokaa ni neema kubwa, kwani hurudisha mwanga. Hata aliyevaa buibui jeusi huonekana umbo lake lote akipita mbele ya ukuta mweupe ulioangazwa. Basi kuta zipakwe chokaa, na chini ya kila wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro, iwekwe taa yake, maana pale nuru ya nje haiingii.

Dhana: Taa lazima iwe na nguzo.

Ukweli: Kichochoro ambacho punda wawili hawapishani hakina nafasi ya nguzo. Taa ikae ukutani, mita tatu au nne juu. Lakini mji huu ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na ukuta wa matumbawe hautobolewi ovyo: wahifadhi waulizwe kwanza.

Dhana: Mwanga mweupe wa kibuluu ndio bora.

Ukweli: Huo ndio unaosumbua macho zaidi, wazee hasa. Wa manjano, kelvini 3000 au chini (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), hutosha. Upande wa pwani jambo hili lina uzito wa pekee: vifaranga wa kasa hufuata upeo wenye nuru, na taa za ufukweni huwapeleka nchi kavu badala ya baharini.

Dhana: Sola ikishafungwa, kazi imekwisha.

Ukweli: Chumvi hula vyuma, vumbi hufunika paneli, betri huchoka. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti taa za barabarani. Kwa hiyo katika vikao vya bajeti, wakazi waulizie fungu la betri na fundi wa matengenezo kwa bidii ileile wanayoulizia taa mpya.